Supamoto Yako Iko Chini ya Kufuli Langu

Shaibu mwanangu,

Salamu nitazitoa mwishoni, zikibaki. Kwanza usipige yowe la mwizi. Pikipiki yako haijaibwa. Nimeitoa uani jioni hii, wewe ukiwa umeenda kuaga wenzako kijiweni na mama yako akiwa jikoni anakukaangia maandazi ya safari. Nimeiingiza kwenye banda la korosho, nimefunga kufuli, na ufunguo uko kwenye mfuko wa shati nililovaa. Kwa hiyo kesho huendi popote mpaka usome barua hii yote, na usirukeruke kama unavyoruka maneno yangu siku zote.

Najua utakachosema. "Dingi kazingua." Haya, dingi kazingua. Dingi ana haki ya kuzingua mara moja katika maisha yake, maana kuanzia kesho hatakuwa na mtu wa kumzingua.

Habari za kula, za kulala, za sala, za kutomfungulia mlango mtu usiyemjua huko Dar ulikoitwa kazi ya gereji, sikuandikii. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima mpaka sauti imempotea, na mjomba wako Bakari ameyakazia. Hayo yana wenyewe. Mimi nimebaki na jambo moja tu, nalo ni lile la matairi. Ulidhani limekwisha pale ulipocheka mbele za watu. Halijaisha.

Nikueleze mchana wa leo ulivyokuwa kwangu, maana wewe ulizungukwa na watu na hukuniona nilipokuwa. Mjomba wako kaja kutoka Mandawa, kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Kaletewa kiti. Kiti chenyewe ni changu, kile cha mninga nilichonunua Nachingwea, lakini sawa, mgeni akae. Akaongoza dua, ubani ukafukizwa, kisha akachota unga wa mtama akaumwaga kidogo kidogo kwenye tairi la mbele, akiwataja wazee wa ukoo wenu mmoja mmoja wakutangulie njiani. Watu wakaitikia amina. Na mimi baba yako nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya jiko nimemshika kuku miguu. Neno pekee nililoulizwa leo kuhusu safari yako ni kama kisu kimenolewa.

Wala silalamiki juu ya unga. Kwetu huku mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Wewe umezaliwa ukaikuta hivyo, mimi pia nilizaliwa nikaikuta hivyo. Nyumba ninayoishi iko kwenye ardhi ya mama yako. Mikorosho niliyoipanda kwa mikono hii iko kwenye ardhi ya mama yako. Hata banda nililofungia pikipiki yako, ukitaka kubishana, ni la ukoo wenu. Kufuli tu ndilo langu.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Nilisubiri mpaka watu wameanza kula, nikakusogelea taratibu, nikakwambia, "Shaibu, kutoka hapa mpaka lami ni mchanga mtupu, na mvua ya juzi imechimba pale korongoni. Rudisha yale matairi ya meno, haya laini uyafunge nyuma. Ukishafika lami utabadilisha." Nilisema kwa sauti ya chini, au uongo? Wewe ukacheka. Ukasema, "Dingi, supamoto ni pikipiki ya kukimbiza lami, haivai meno. Ikivaa meno siyo supamoto tena." Wenzako wakacheka na wewe, yule mrefu akapiga na makofi. Ukaongeza, "Halafu mjomba ameshasema freshi."

Nikamgeukia mjomba wako. Nikamwambia, "Shemeji, mwambie mtoto." Mdomo wake umejaa wali. Akapunga mkono hivi, kama anafukuza nzi, akasema, "Tulia, shemeji. Mtoto ni wetu."

Nikatulia. Nikaenda kumwaga maji ya kunawa. Huko huko nilikokuwa namwaga maji ndiko nilikoamua habari ya kufuli.

Wewe ulidhani nimetulia kwa kuishiwa maneno. Hapana. Nimetulia kwa sababu maneno yale nayajua. "Mtoto ni wetu." Nayajua kwa sababu niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa sauti ileile, mdomo umejaa vilevile, nikimwambia baba wa mtoto mwingine.

Unamjua kaka yako Rajabu wa Kiegei, mtoto wa shangazi yako Zainabu. Unajua anavyotembea. Ulipokuwa mdogo ulimwiga hapa uani, ukiburuza mguu, nikakuchapa kwa hasira mpaka mama yako akatoka kunishika mkono. Hukujua kwa nini. Mchezo wa kitoto tu, utamchapa mtu vile? Leo nakwambia kwa nini. Kwa Rajabu, mimi ndiye Bakari. Mimi ndiye mjomba, mwenye kiti na mwenye unga.

Na nilikuwa mjomba haswa, usinione hivi! Kule Kiegei nikifika na baiskeli yangu, watoto wa dada wanakuja mbio kupokea mizigo. Naulizwa kila kitu. Rajabu aingie jando lini? Muulize mjomba. Aende sekondari au akae shamba? Muulize mjomba. Nilikuwa narudi hapa kwenu kifua kimejaa, nakuta wewe na mama yako mmekaa na mambo yenu, na mambo yenu anaulizwa Bakari, basi sikujishughulisha. Nilisema moyoni, wale wana mtu wao. Huo ndio uliokuwa ubaba wangu kwako, mwanangu, na nilikuwa naona ni adabu.

Unaikumbuka mashine ya kupulizia salfa? Ulikuwa darasa la nne, sijui la tano. Iligoma kuwaka wakati mikorosho imetoa maua na ubwiri, ule ukungu unaoua maua, umeshaanza kuonekana, na fundi wa Ruangwa alishasema haifai tena. Wewe uliifungua pale chini ya chanja, ukapanga vidude vyake kwenye kanga ya mama yako, ukaoshea petroli, ukapuliza kwa mdomo mpaka midomo ikababuka. Ikawaka. Ulipiga kelele hizo! "Baba, imewaka, baba!" Na mimi nilifanya nini? Kesho yake alfajiri nikaifunga kwenye baiskeli nikaenda nayo Kiegei, nikampulizia dada yangu mikorosho yake kwanza. Niliporudi, maua ya hapa yalikuwa yameshakauka meusi. Hukusema kitu. Mama yako alisema, sana, lakini wewe hukusema kitu, na tangu siku hiyo ukiitengeneza mashine ya mtu hukuniita tena kuja kuona.

Kelele ile ya "baba, imewaka" sijaisikia tena. Mwaka jana ulipoiwasha hiyo pikipiki kwa mara ya kwanza, nilikuwa shambani, nikasikia mlio. Nikasimama na jembe nikisubiri. Nilipokaribia nyumbani nikasikia unaongea na simu, "Mjomba, imewaka!" Nikarudi shambani.

Basi turudi kwa Rajabu. Msimu mmoja korosho zikapata bei nzuri, nikamnunulia pikipiki. Korosho za hapa, Shaibu. Za mikorosho hii, ulizoziokota wewe na mama yako mmeinama kutwa. Mama yako aliuliza mara moja tu, "Na huyu wa ndani?" Nikamjibu, "Wa ndani ana mjomba wake." Nimeoa mwanamke mvumilivu, maana mimi ningelikuwa yeye ningetia chumvi kwenye chai ya mtu miaka yote iliyobaki.

Rajabu akawa bodaboda, na kazi akaiweza. Halafu siku moja akaja hapa mwenyewe kutoka Kiegei kuniomba neno. Ameona vijana wa Nachingwea mjini wameng'oa matairi ya kawaida wakaweka mapana, laini, ya kukimbilia lami. Anataka na yeye. Nilimuuliza, "Yanapendeza?" Akasema, "Mjomba, yanatisha!" Basi nikacheka, nikamwambia weka. Huo ndio uchunguzi nilioufanya. Wallahi sikujua tairi laini ni nini na tairi la meno ni nini, mimi mtu wa baiskeli na jembe, lakini nilipenda kuombwa. Mtu ametoka mbali, amekaa chini mbele yako, anasubiri mdomo wako ufunguke. Ningesema sijui? Mjomba gani anasema sijui?

Haikupita wiki akaja baba yake, shemeji yangu Salumu. Yule alikuwa fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, vidole vyeusi vya grisi hata siku ya Idi. Nilikuwa nakula, ugali na kisamvu. Nikamkaribisha akakataa kukaa. Akasema, "Shemeji, nimekuja kwa habari ya matairi tu. Yale ni ya lami. Sisi kwetu hakuna lami, kuna mchanga. Mimi nimeshamwambia, mimi hanisikii. Mwambie wewe."

Nikapunga mkono. Nikasema, "Tulia, shemeji. Mtoto ni wetu."

Alinitazama. Halafu akamuaga mama yako kwa adabu kabisa, akapanda baiskeli yake, akaenda zake.

Rajabu alianguka kwenye njia ya Kilimarondo, kwenye kona yenye mchanga, amebeba ufuta wa watu nyuma. Tairi laini kwenye mchanga mkavu halishiki, linaelea tu, na mwenye kuelea hachagui anakoangukia. Mguu ukabaki chini ya injini. Msimu ule tembo walikuwa wameshuka mashambani, watu wa kule hawakupita njia ile ila kwa makundi, wanasubiriana, kwa hiyo alilala pale na lile bomba la ekzosi likimuunguza mpaka kundi lilipopita. Mguu haukukatwa, lakini mwenyewe unauona ulivyo.

Nilikwenda hospitali na uji kwenye chupa. Nilikaa kitandani kwake, naye akageuza uso ukutani. Baadaye akasema, hata hakupandisha sauti, "Mjomba, baba alinikataza nikamwona mshamba. Wewe ungenikataza ningeacha. Kwa nini hukunikataza?"

Nikamwambia nilidhani anajua anachofanya. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na mpaka leo sijapata lingine.

Salumu hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alichofanya, alikuja hapa na lile tairi la mbele, akaliweka mlangoni kwangu, akaondoka bila hodi. Unalijua hilo tairi. Umekulia nalo. Ndilo lile lililo nyuma ya jiko, ambalo kuku wa mama yako anatagia. Ulishawahi kuniuliza, "Baba, tairi zuri hivi, mbona kuku ndio wanalifaidi?" Nikakwambia uondoke hapo. Nilishindwa kulitupa na nilishindwa kulitazama, basi nikaliwekea majani makavu, kuku akamaliza shauri.

Hayo ndiyo yaliyoko nyuma ya sauti yangu ya chini mchana wa leo. Ulimsikia mzee mmoja mwoga wa mchanga. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa anajisikia akijibiwa na mdomo wake wa zamani.

Na kuna jingine hulijui. Siku ile nilipoaga kwamba nakwenda Kiegei kumjulia hali dada, nilikwenda kwa Salumu. Tangu ajali ile, tukikutana mnadani ananipa salamu ya Kiislamu kwa kuwa ni lazima, basi, anapita. Nilimkuta anaziba pancha. Nikasimama kama mtoto aliyetumwa. Nikamwambia, "Shemeji, mwanangu ameweka matairi ya lami, na mjomba wake amekubali. Baba asiye na neno anafanya nini?"

Akaendelea kupiga msasa mpira wake. Akasema, "Unakuja kuniuliza mimi?"

Nikasema, "Nakuuliza wewe."

"Mimi nilikaa barazani nikasubiri aletwe," akasema. "Ndicho nilichofanya. Nilijiambia mimi si mwenye neno. Lakini mikono nilikuwa nayo, shemeji. Mizima, yote miwili. Sikuitumia." Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, nikaaga.

Basi mikono yangu nimeitumia. Nimefunga kufuli. Hapana yangu haina uzito, nikaazima uzito wa chuma.

Mpaka hapo nilikuwa nimekusudia kumaliza. Ningekwambia nenda kwa mjomba wako kashtaki, ukirudi utanikuta, na hayo matairi utabadilisha au hutoki. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno makali ya kufungia. Ninayo mengi, unanijua.

Lakini nimetoka kidogo, nimechukua tochi, nimeingia bandani kuitazama. Sijawahi kuitazama vizuri, nilikuwa naona ni kuchokozwa. Ule ulikuwa mzoga, Shaibu. Mimi niliuona siku Bakari alipouleta juu ya tela la trekta, pikipiki ndefu ya mashambani ya enzi za mabwana shamba, kutu tupu, kuku walikuwa wamelala humo Mandawa miaka. Nilisema kimoyomoyo, anampa mtoto takataka. Leo nimepitisha tochi polepole. Ringi umezipunguza kimo mwenyewe, spoki umezifunga moja moja, na nimezigonga kwa kucha zinalia sauti moja. Madigadi ya nyuma umeikata. Kila chuma kisicho na kazi umekitoa. Nilishika usukani nikaivuta nikitegemea uzito, nikakaribia kuanguka nayo, kumbe nyepesi hivi! Nikajaribu kuipanda, mguu haukuvuka kiti. Nikasimama pale nimening'iniza mguu mmoja kama mbwa, nikacheka peke yangu bandani, halafu kicheko kikageuka nikalia. Nakwambia waziwazi, nililia.

Kwa sababu hii ni mashine ya salfa tena. Umeitengeneza, imewaka, na baba yako amekuja kuinyang'anya. Wakati ule niliipeleka Kiegei. Safari hii naifungia kufuli. Kila kitu ulichowahi kukifufua kwa mikono yako, mimi nimekiondoa mbele ya macho yako, halafu nashangaa huniiti kuja kuona.

Wale wa gereji ya Dar walikuona kwenye simu tu wakakwambia njoo. Watu wasiokujua! Mimi nilikuwa na wewe hapa hapa, pua kwa pua, sikuona.

Sikuambii usiwe na hasira na mimi. Kuwa nayo, ni halali yako. Wala sikuambii umdharau mjomba wako, maana anakupenda, na mzoga ule ni yeye aliyeuona kabla yangu. Ila nimejifunza kitu kwa mguu wa mtoto wa watu, na nakupa jinsi kilivyo. Iko siku na wewe utakaa kwenye kiti. Dada yako atazaa, watoto wake watakuja kukaa chini mbele yako, wakisubiri ufungue mdomo. Siku hiyo ukiwa hujui, sema hujui. Na akija baba yao, amesimama, amekataa kukaa, mpe kiti chako ukae wewe chini. Msikilize mpaka amalize. Kama una chakula mdomoni, kimeze kwanza.

Sasa habari ya pikipiki.

Nikiiacha bandani, utavunja kufuli. Nakujua, una mkono wa kuvunja kufuli hilo bila kulikwaruza. Utaondoka na hasira, mbio, na matairi yaleyale, mchanga uleule. Nitakuwa nimekusukuma mwenyewe. Na nikikupa ufunguo, utaondoka umefurahi, mbio, na matairi yaleyale. Nimekaa na hilo hapa mezani muda mrefu, mpaka mama yako ameshaniita mara mbili nikalale. Kisha nikakumbuka Salumu hakusema kufuli. Alisema mikono.

Kwa hiyo nafungua banda. Sifuti niliyoandika juu, acha uone nilivyokuwa. Nitaitoa taratibu bila kuiwasha, mama yako asiamke, nitaipitisha nyuma ya mikorosho, niisukume kwa mkono. Nitaivusha korongo, nitaipandisha ule mchanga wote mpaka juu kwenye lami, pale kwenye karavati la kwanza. Nyepesi umeifanya mwenyewe, basi hata mzee ataiweza. Nikichoka nitapumzika nayo. Nitakuwa nimekaa hapo karavatini kuilinda mpaka kuche, asije mlevi wa Ruangwa akaichezea.

Wewe amka, sali, kula, muage mama yako vizuri, usimuage kwa haraka. Mwache mjomba wako alale, wali wa jana ulikuwa mwingi. Kofia yako ngumu nimeiacha juu ya barua hii, ndiyo maana umeiona. Chukua begi, uje kwa miguu.

Ukinikuta, usinishukuru. Sitaki. Wala usiniombe radhi kwa kicheko cha jana mchana, maana sijakusamehe bado, nitakusamehe nikipata nafasi. Nishike mkono tu, upande, uondoke. Kwenye lami supamoto yako iko kwao, huko sina la kusema. Ila ukishaiwasha, hebu sema lile neno la zamani, hata kwa kunidhihaki. Sema imewaka. Mimi nitakuwa nimesimama karibu safari hii.

Salamu zimebaki kidogo, hizi hapa. Nakusalimu mwanangu.

Hutapotea njia hata kama bado kuna giza. Kuanzia mlango wa banda utaona mstari wa tairi kwenye mchanga, laini, hauna alama ya jino hata moja, na nyayo zangu ziko ubavuni mwake. Pale palipovurugika ujue niliteleza. Ufuate tu mpaka mwisho. Mtoto ni wao, sawa, nimekubali. Lakini mchangani umevushwa na mimi.

Baba yako,
Mohamedi